Mackrine na Sanduku Lisilo na Skrini

Dada yangu Mackrine ni mkali. Anatengeneza kompyuta hapa Kaisho, katika kibanda cha mabati kati ya duka la pembejeo na kinyozi, na sijawahi kumsikia akimwomba mteja radhi. Ukimpelekea simu iliyolowa rubisi, pombe yetu ya ndizi, atakueleza kwanza wewe ni mtu wa namna gani, ndipo aishike. Mimi ni kaka yake mkubwa, Gaudiosus, na nimekuwa katibu wa kitongoji chetu kwa miaka kumi na mmoja. Naandika habari zake kwa sababu watu wanazisimulia vibaya, na wanaozisimulia vibaya kuliko wote ni wale wanaotaka kunisitiri mimi.

Baba alitaka awe mshonaji. Alimnunulia hadi cherehani. Mackrine aliiuza, akaenda Mwanza, akakaa miaka minne kwenye karakana ya mtu mmoja aliyemfundisha kazi na kumlipa chakula, kisha akarudi na begi limejaa nyaya. Nilimcheka sana siku ile. Nilimuuliza kama nyaya hizo zinapandwa wakati wa vuli au masika. Alilibeba begi lake, akaenda kulala.

Kazi iliyomfanya ajulikane ni ya kinu cha kukoboa kahawa kilicho njia ya kwenda mtoni. Mwenye kinu anaishi Bukoba, na alitaka kompyuta iandike kila gunia linalopimwa. Skrini ya kwanza iliibwa kwa kudhaniwa televisheni. Ya pili nayo ikaibwa hivyo hivyo. Ya tatu iliuawa na vumbi la maganda. Mackrine akachoka. Akaifungia kompyuta ndani ya sanduku la chuma, akalichomelea ukutani, akasema skrini basi, na kibodi basi. Ukiacha nyaya za umeme na za mizani zilizopita ukutani, aliacha tundu moja tu ubavuni, poti ya siriali, ile ya zamani yenye pini tisa. Akaiambia kompyuta kwamba tangu inapowashwa, kila ilicho nacho cha kusema iseme kupitia poti hiyo, na amri zote izisikilize kupitia poti hiyohiyo. Yeye angekuja na laptopu yake, achomeke waya, asome, aondoke. Alisema kwa lugha ya mafundi poti hiyo sasa ndiyo konsoli ya mashine. Mimi nilisema ametengeneza kompyuta kipofu, na watu klabuni wakacheka wiki nzima.

Aliyekuwa akiitumia kila siku ni Theoneste, mwendesha kinu. Alikuwa anaweka gunia kwenye mizani, anabonyeza kidole kwenye kisoma alama za vidole kilicho kando ya mizani, na sanduku linaandika jina lake, kilo, na saa. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani. Yeye alizaliwa hapahapa, akabatizwa parokia yetu, anaimba besi kwaya moja na mimi. Lakini mtu akimkasirikia, neno la kwanza kumtoka ni "Mnyarwanda". Mimi pia limewahi kunitoka, na zaidi ya mara moja.

Sasa lazima nieleze enduru. Ni yowe la hatari. Likipigwa, kila mwanamume anaacha alichoshika na kukimbilia linakotoka, ana panga au ana fimbo. Asiyekuja anatozwa pombe, na kama damu imemwagika anatazamwa kwa jicho baya. Kazi yangu ya ukatibu ni kusimama na daftari baada ya watu kufika, na kusoma majina ya wenye nyumba wote, mmoja baada ya mwingine, kila mtu aitike. Niliipenda kazi hiyo. Watu walikuwa wananyamaza ninapofungua daftari.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, mwaka jana, enduru ilipigwa saa nne asubuhi kutoka kwa Ta Egbert, yaani Mzee Egbert. Tulimkuta amekufa katikati ya kibanja chake, kati ya migomba. Alikuwa amekatwa kwa muhoro, panga lile lililopinda, kichwani mara mbili, na mkono wa kushoto ulining'inia kwa ngozi tu, maana aliuinua kujikinga. Nzi walikuwa wameshafika. Mkewe alisema alimpelekea uji saa tatu na nusu akamwacha mzima, anapogoa migomba na kulalamika uji hauna sukari. Mpwa wa Egbert alikuwa amepiga magoti pale, shati lake lina damu, analia kuliko wote.

Nilifungua daftari. Niliita majina sitini na manane, nikiliruka la Egbert. Sitini na saba waliitika. Theoneste hakuitika.

Nikaita mara ya pili, na sauti yangu ilikuwa imebadilika. Watu wakaanza kukumbushana kwamba wiki mbili nyuma, ng'ombe wa Theoneste alikula maharage ya Egbert, wakashikana mashati mbele yetu sote. Mpwa akasema Mnyarwanda ndiye. Hakuna aliyeuliza kinu kiko umbali gani. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu aliyesimama kando ya mashine ile hasikii hata radi. Mimi, mwenye daftari na kalamu, nilipaswa kufikiri. Badala yake nilisema, "Twendeni."

Njia ile inatembewa dakika arobaini. Sisi tuliikimbia. Theoneste alikuwa amejaa vumbi la maganda mwili mzima, anabeba gunia, na alipotuona alitabasamu. Mtu wa kwanza alimpiga rungu la shingo. Mwingine aliishukia swichi kuu kwa shoka, cheche zikaruka, kinu kikanyamaza. Waliposhindwa kuling'oa sanduku la chuma kwa sababu limechomelewa, walilipiga mateke na kung'oa waya wa betri yake. Tulimburuta Theoneste kwa miguu hadi uwanja wa kuanikia kahawa, kichwa kikigonga kila ngazi. Walimvunja mguu kwa jiwe. Niliusikia ukivunjika. Alikuwa akiuliza amefanya nini, akituita kwa majina, na alipofika kwenye jina langu nilimpiga fimbo ya uso. Ilimpata jicho la kushoto. Sikusukumwa na mtu, wala sikuwa nimekunywa. Nilimpiga kwa sababu aliniita jina langu nami nikaona aibu mbele ya watu. Jicho lile halikupona.

Mke wa Theoneste, Uwamahoro, aliyekuwa anachambua kahawa ghalani, ndiye aliyempigia simu Mackrine. Dada yangu alifika kwa pikipiki wakati mpwa wa Egbert ameshaondoka na pikipiki nyingine kwenda kununua petroli. Tairi lilikuwa tayari, limeegemezwa ukutani. Mtu mmoja mnene alisimama langoni pa kinu akamwambia Mackrine mambo ya wanaume hayamhusu. Mackrine alivua kofia yake ngumu ya pikipiki na kumpiga nayo mdomoni. Meno mawili yalitoka. Alimruka, akaja moja kwa moja kwangu, akanishika kola.

"Kaka, daftari lako linasema hakuja. Sanduku langu linajua alikuwa wapi. Wazuie."

Nilimwambia siwezi. Ni kweli kwamba watu walikuwa wengi, lakini nilikuwa sijajaribu. Alinisukuma hadi nikakaa chini, akaingia ndani. Nilimfuata. Najiuliza hadi leo kwa nini nilimfuata, na jibu ninalolipata si la kujisifu: nilitaka kuwa mahali ambapo sisikii vilio.

Aliurudisha waya wa betri, akausokota kwa vidole vitupu, akachomeka waya wake kwenye poti, akafungua laptopu juu ya gunia. Maandishi yalianza kushuka, mistari myeupe, mashine inajieleza inavyoamka. Uso wake ulitulia. Kisha, mahali ambapo mashine ilipaswa kuuliza jina na neno la siri, zikaja takataka: alama za kuuliza, viboksi, herufi zisizo na maana. Alibonyeza, zikaja nyingine.

Huko nje mtu alisema mkono wa kulia sasa. Tulisikia pigo, na tukamsikia Uwamahoro.

Mackrine alidhani mateke yameharibu kitu. Akaizima, akaiwasha tena. Dakika tatu nzima za mistari myeupe. Takataka zilezile, mahali palepale. Jasho lilikuwa linamdondokea kwenye vitufe. Ndipo akajipiga kofi la paji la uso, kofi la kweli, akatukana kwa Kinyambo tusi ambalo sijui alijifunzia wapi.

Alinieleza baadaye, na mimi naeleza kama nilivyoelewa. Mashine na laptopu lazima ziongee kwa kasi moja kwenye waya ule, la sivyo kinachosomeka ni uchafu. Mwezi wa tano alikuwa ameamua kuongeza kasi. Aliibadilisha sehemu ya kwanza, ile ya mashine inapoamka, akasahau sehemu ya pili, ile inayouliza jina. Kwa sababu sanduku halikuwahi kuzimwa tangu siku ile, kosa halikuonekana. Alikuwa na haraka siku hiyo, mteja alikuwa anamsubiri kibandani. Basi asubuhi ile pale kinuni alibadilisha namba moja kwenye laptopu, akarudisha kasi ya zamani, akabonyeza, na mashine ikamuuliza jina lake kwa herufi safi. Kosa hilo lilikula dakika saba. Ndani ya dakika saba hizo Theoneste alivunjwa mkono wa kulia mahali pawili. Mackrine anazikumbuka kuliko mimi ninavyokumbuka fimbo yangu, na hilo ndilo linaloniudhi, maana yeye alikosea akiwa anafanya kazi na mimi nilikosea kwa makusudi.

Aliibeba laptopu hadi mlangoni, waya ukivutika nyuma yake mpaka ukagoma. Pikipiki ya petroli ilikuwa inaingia uwanjani. Alinivuta hadi mbele ya kioo cha laptopu.

"Soma," alisema. "Kwa sauti ile uliyosomea daftari lako."

Nilitazama. Watu walinigeukia, kwa kuwa walizoea kunisikia nikisoma. Mpwa alikuwa ameshafungua kifuniko cha chupa, na harufu ya petroli ilinifikia. Nikaanza. Saa tatu na dakika thelathini na moja, Theoneste, kilo sitini na mbili. Saa tatu na dakika thelathini na tano, Theoneste, kilo sitini. Saa tatu na dakika arobaini, Theoneste, kilo hamsini na tisa. Mtu mmoja alipiga kelele kwamba kompyuta inaweza kudanganywa. Mackrine akamuuliza kidole cha Theoneste angekikopa vipi. Nikaendelea. Nilisoma saa nne kamili, wakati enduru inapigwa: Theoneste, kilo sitini na moja. Sauti yangu ilianza kukatika, lakini Mackrine alinibana mbavuni kwa kiwiko, nikasoma. Nilisoma magunia yote, moja moja, hadi la mwisho, saa nne na dakika hamsini na nne, kilo hamsini na nane. Hilo ndilo alilolipima kabla tu hatujaingia.

Mtu mwenye jiwe aliliweka chini taratibu, kana kwamba ni la mwenzake. Mpwa alibaki na chupa mkononi, anatazama huku na huku, kisha akaanza kusema Wanyarwanda ni wachawi, wanaweza kuwa mahali pawili. Hakuna aliyemwitikia. Polisi walikuja kumchukua baada ya wiki tatu; muhoro ulipatikana kwenye shimo la choo chake. Kumbe aliyeitika enduru kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye aliyeisababisha, na mimi nilimwekea alama ya vema kwenye daftari.

Gari la wagonjwa lilikuwa limeenda mbali. Kwetu mgonjwa asipopata gari hubebwa kwa engozi, machela ya miti na kamba, na wanaoibeba ni walewale wanaoitika enduru. Ililetwa. Wanaume wale waliokuwa wakimpiga walimlaza Theoneste humo, wengine wakilia. Mimi nilikuwa wa kwanza kushika mti wa mbele, upande wa kushoto. Nilitaka kuonekana nikiushika, nasema ukweli.

Tulipomwinua, alifungua jicho moja lililokuwa linafunguka. Alizungusha uso polepole akitutazama mmoja mmoja, hadi akafika kwangu. Damu ilikuwa imemjaa kinywani na alilazimika kuitema kwanza.

"Huyu hapana," alisema.

Nilijifanya sikusikia, nikapiga hatua. Akajaribu kuinuka ndani ya engozi, kwa mkono mmoja, mguu ukiwa umepinda vibaya, tayari kuanguka chini kuliko kubebwa na mimi. Engozi ikayumba, wenzangu wakasimama.

Kwetu mwanamke habebi engozi. Mackrine alikuja, akautoa mti begani mwangu bila kuniangalia, akauweka begani mwake. Ni mfupi, kona ile ilishuka, ikabidi wale watatu wapinde magoti ili Theoneste asiteleze. Wakaondoka hivyo, wamepinda, kilomita tano hadi kituo cha afya, na Uwamahoro anatembea kando ameshika kichwa cha mumewe.

Theoneste yu hai. Mimi niliwafuata kwa nyuma siku ile, na nilipokaribia sana, Mackrine aligeuka, akaniambia nikae mbali.