Vile Tulishusha Pua ya Gari ya Papa

Wiki iliyopita, hapa Goma, nilikuta vijana watatu wamelala chini ya gari moja ya zamani, wanakata resori, zile springi za mbele, ili pua yake ishuke. Niliwauliza sababu gani. Mumoja akatoa kichwa, akanijibu: "Ni juu ya bote tu, Mama, ikuwe muzuri." Nilicheka mupaka machozi ikatoka. Juu ya bote! Rafiki yangu, ikala chini nikuelezee. Sisi kule Kibabi, mu milima ya Masisi, tulishusha pua ya gari wakati hawa watoto hawajazaliwa bado, na haikukuwa mambo ya kujipamba hata kidogo.

Papa alikuwa na gari ndogo ya Wafaransa, rangi ya kahawa yenye maziwa, ya zamani hata siku zile. Kazi yake ilikuwa kubeba fromaji, ile jibini ya kwetu. Koko, mama yake Papa, alizitengeneza mu kanyumba nyuma ya jikoni, na ile harufu ya maziwa chachu na moshi ya kuni ilitufuata mupaka ku masomo. Mwalimu alisema anajua tumefika kabla hajatuona. Sababu ya matope ya barabara, Papa alitoa resori za mbele, akaweka zingine nzito za pikapu. Gari ikasimama pua juu kama mbuzi inayotafuta majani ya muti. Watu walicheka, lakini ilipita fasi malori yalilala siku mbili.

Halafu muti ikamuangukia Papa akiwa anapasua mbao. Muguu yake ya kushoto ikapona vibaya, haikuweza tena kukanyaga ambreyaji, ile klachi. Mwezi muzima gari ikakaa mu lupango, uwanja wa nyumba yetu. Fromaji zikajaa, zingine tukazilaza chini ya kitanda yetu, mimi na dada yangu. Siku moja Papa akatuambia, bila kututazama, eti muntu wa Goma atakuja jumamosi kununua gari.

Mama alikuwa anachambua maharagi. Hakuinua kichwa. "Mimi nitaiendesha," akasema.

"Wewe? Utaona nini?"

Haikuwa matusi. Papa mwenyewe alimufundisha kuendesha wakati walikuwa wangali wapya mu ndoa, na Mama alijua kubadilisha vitesi vyote. Lakini Mama iko mufupi. Nyuma ya volan aliona kapo, kifuniko ya injini, na mbingu, basi. Ukimuwekea muto ya kukalia, anaona barabara, lakini miguu inaning'inia, haifike ku pedali. Siku ile ile akaingia mu gari, akanituma nisimame mbali mbele yake. Nilikuwa na miaka kumi. "Kuja pole pole!" Nikakuja. Nilikuwa ningali hatua kumi na tano, yeye akapiga kelele: "Nimekupoteza!" Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Akashuka, akamuambia Papa: "Naweza kuponda mutoto wangu mwenyewe. Tushushe hii pua."

Papa akatoa neno lake: "Kama jumamosi unafika ku soko ya Bihambwe na fromaji na unarudi, siiuzishe."

Mekanisye, fundi wa magari, alikuwa jirani yetu. Masikini, maisha yake yote alipandisha magari! Akajikuna kichwa. "Mama, itabaki mu matope."

"Matope nitayaona. Chenye sioni njo kitatuua."

Hapo sasa, kazi. Ile resori iko na nguvu ya ajabu, na mekanisye hakukuwa na chombo cha kuibana. Alikuwa na kriki moja ya kuinulia gari, mnyororo, na akili. Akaenda kuita wamama wa korali waliokuwa wanatoka ku repetisyo ya nyimbo, wenye kula wakashiba, akawaomba wapande juu ya kapo. Wamama sita! Mimi na dada tukajibana katikati. Gari ikapiga magoti. Mekanisye akaingia chini kufunga resori na mnyororo, anapiga kelele: "Musicheke! Mukicheka inatikisika!" Wee, nani angeweza kunyamaza? Mumoja akaanzisha wimbo, wengine wakapokea, na resori ya kwanza ikafungwa mu sauti ya pili.

Wamama waliposhuka, resori ikabaki imejikunja mu mnyororo. Akainua gari na kriki, akaitoa, akaifunga ku shina ya muti. Sisi wote tukajificha nyuma ya jikoni, naye akafungua ndoano ya mnyororo kwa fito ndefu. Paa! Ikaruka mu shu, zile kabichi za Mama, ikakata tatu. Mama akasema tutazikula na maharagi, tuendelee. Ya pili ikapita njia ile ile. Kisha musumeno ya chuma: kukata mzunguko mumoja ku resori moja, mzunguko mumoja ku ingine. Mukono ikichoka, anapokea mwingine. Ile mulio ilitukaa mu meno mupaka ijumaa saa nane.

Wakati resori zilirudishwa na gari ikarudia chini, mekanisye akapima na kijiti, toka udongo mupaka chuma ya juu ya mupira ya gurudumu. Upande wa kuume ulikuwa chini kwa vidole mbili. Akapima tena. Vidole mbili. Akashika musumeno, anataka kukata ya kushoto tena. Papa, toka ku kiti yake, akasema: "Kata." Hakukuwa resori zingine Kibabi yote, na za zamani Papa alishazitoa kitambo. Ikikatwa kupita kiasi, gari inalala juu ya mipira, na kesho ni jumamosi.

Koko alikuwa anapita na beseni ya maziwa. Akasimama, akaiweka chini mbele ya gari, akatuangalia sisi wote kama tumerogwa. Maziwa yalikimbilia upande mumoja, karibu yamwagike.

"Munapima gari," akasema, "ao munapima mulima?"

Jamani! Wanaume wawili wenye akili zao! Kwetu Masisi hakuna fasi ya kulala sawa, hata mupira ya watoto ilikuwa inashuka yenyewe mupaka mu mashamba ya watu. Fasi moja tu ilikuwa sawa, mbele ya kanyumba ya fromaji, juu Koko aliipiga na jembe miaka na miaka ili bidoni zake za maziwa zisimame. Tukasukuma gari kule. Mekanisye akapima kuume, akapima kushoto. Sawa sawa. Musumeno akaiweka nyuma ya mugongo kama muntu aliyeshikwa anaiba.

Mama akaingia. Mimi nikasimama mbali, nikakuja, nikakuja, mupaka magoti yangu yakagusa gari. "Naona mupaka vifungo ya robe yako!" Alilia, nakuambia ukweli. Na mimi nililia.

Jumamosi tukaenda, yeye na mimi na fromaji makumi ine. Kurudi, mvula ilikuwa imenyesha, na ku kona moja vijana walishakunja suruali, wanatungojea kutusukuma. Mama akapunguza, akatazama karibu kabisa mbele ya mipira, akachagua fasi ngumu, akapita. Akawapungia mukono, ule wa malkia.

Muntu wa Goma tulimukuta mu lupango, amesimama na kofia mu mukono. Papa alikuwa anamuambia: "Unisamehe, ndugu. Gari haiuzishwe. Iko na shofere."

Leo lupango ile iko ya watu wengine. Gari ilizeeka, ikaisha kipande kwa kipande. Koko tulimuzika kule, na nyuma yake Papa, na ile fasi sawa sijui kama ingali sawa. Sihuzunike sana, juu Mama angali hapa, na anatukana mashofere wote wa Goma. Lakini kitu kimoja ninakikosa. Miaka yote ile, kila mara gari iliporudi, Papa hakuruhusu mutoto hata mumoja kugusa barriere, mulango ya lupango. Alisimama mwenyewe na muguu yake mubaya, akaifungua kwa mikono mbili, akainama kidogo mbele ya Mama, na kusema: "Karibu, shofere."