Jiwe la Mzazi

Siku uvumilivu wangu ulipokwisha, nilikaa chini ya bomba nikagoma kuondoka.

Sikupanga. Nilifika nikamkuta binti yangu wa darasa la tatu amesimama na sare ya shule, kakumbatia ndoo yetu tupu, na mbele yake madumu ya mkokoteni yamejipanga mpaka kwenye koki. Alfajiri ile ndoo yetu ilikuwa ya pili. Niliiweka kwa mkono wangu, nikamwacha aiangalie, nikarudi kumnyonyesha mdogo wake na kukoroga uji. Sasa ilikuwa nyuma ya madumu yote. Na jiwe nililoliweka nyuma ya ndoo yetu kushika zamu ya jirani yangu aliyejifungua lilikuwa limetupwa mtaroni.

"Nani kaisogeza?"

"Yule kaka. Kasema watoto tutasubiri."

Yule kaka ni msukuma mkokoteni anayepeleka maji kwenye gesti na migahawa ya kando ya barabara kuu, pale malori yanapolala. Alikuwa anapiga mluzi. Nililivuta dumu lake lililokuwa linajaa, nikalilaza pembeni, nikakaa kwenye zege palepale chini ya koki. Maji yakanimwagikia shingoni mpaka kanga ikanata mwilini.

"We dada, umechanganyikiwa?"

"Ndiyo. Chota sasa, tuone."

"Toka hapo, wateja wananisubiri."

"Na mimi mtoto wangu anasubiriwa na fimbo."

Nyuma kwenye foleni mama mmoja, mpika vitumbua wa mtaa wetu, akasema, "Mwacheni, uzazi umempanda kichwani huyo." Watu wakacheka. Nami ningecheka, ingekuwa siku nyingine.

Niliinuka tu pale aliposogeza madumu yake na ndoo yangu ikaingia. Hata hivyo tulichelewa. Nilimpeleka binti yangu shuleni mwenyewe, nimelowa chapachapa, nikamkuta mwalimu wa zamu getini na fimbo yake. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia.

"Mama, nakuelewa," akasema. "Lakini nikimwacha huyu, kesho wote watasema wametoka bombani."

Mwanangu akanyoosha mkono bila kuambiwa. Alikuwa keshazoea. Hilo ndilo lililoniuma kuliko fimbo yenyewe. Mtoto aliyelinda zamu yake ndiye aliyechapwa, na aliyeivunja alikuwa njiani na mkokoteni wake, anapiga mluzi.

Hapa Mikumi, mtaani kwetu, maji hutoka asubuhi tu, halafu presha inakufa. Ndiyo maana ndoo inashika zamu. Ukiiweka kwenye mstari, hata ukienda kuamsha watoto, ndoo ile ni wewe. Kila mtu anazijua ndoo za wenzake, yenye mpini wa kamba, yenye kovu la moto. Hakuna aliyeandika sheria hiyo na hakuna asiyeijua.

Na kuna jiwe. Mwanamke aliyejifungua, akiwa bado ndani ya arobaini yake, haji bombani. Jirani anamwekea jiwe kwenye mstari, zamu ikifika anamchotea. Mimi nilipojifungua nilichotewa hivyo. Nilikuwa nimelala ndani na mtoto, nasikia maji yanamiminwa kwenye pipa langu, mtu anaita "tumefika, mzazi," anaondoka. Sikuwahi kujua kila siku alikuwa nani. Ndiyo maana hilo jiwe kwangu si jiwe.

Kosa letu lilianzia kwenye huruma hiyohiyo. Jiwe halina mpini wala kovu, na kumuuliza mtu mbele ya wanaume "jiwe hili ni la nani, kajifungua lini" ni kukosa adabu. Kwa hiyo hatukuuliza. Wasukuma mikokoteni wakaligundua hilo mapema. Wakaanza na moja: "Hili la shangazi yangu." Tukanyamaza. Kesho yake shangazi wakaongezeka. Baadaye na wanawake wenzangu wakaanza kuwawekea mawe wadogo zao waliolala tu, hawajazaa chochote. Mtaa mzima ulikuwa na wazazi, lakini hatukusikia kitoto kikilia. Kila mmoja aliona, na kila mmoja alisema moyoni kwamba si kazi yake kusema. Mtu akiiba kuku wa jirani tunapiga kelele. Akiiba zamu tunatazama pembeni, kwa sababu kesho labda na sisi tutaihitaji njia hiyo.

Mchana ule nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa bomba. Ni mzee wa makamo, mtu wa tabasamu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia leo umeoga hadharani."

"Nimeoga, baba. Nimekuja kuuliza, mikokoteni inachota kabla ya nyumba kwa ruhusa ya nani?"

Alinivutia kigoda. "Wewe una hasira za ujana, na ni haki yako, una mtoto wa shule. Sikiliza. Kesho lete ndoo yako, nitaiweka ya kwanza mimi mwenyewe. Na kesho kutwa. Nani atabisha? Yaishe."

Akilini nilimwona binti yangu anaingia getini kabla ya kengele, mikono yake mfukoni. Ningesema "asante, baba," ningekuwa nimemaliza kazi ya mama.

"Na jirani yangu?" nikauliza. "Jiwe lake limetupwa, na huyo kweli ni mzazi."

"Yule? Wale si walikuja juzi tu na ng'ombe wao? Huko ziwani kwao hawakuacha maji?"

"Mtaro wa bomba hili ulipochimbwa, mumewe alikuwepo na jembe lake. Kijana wako wewe alikuwepo?"

Tabasamu likapungua. "Basi mimi nayafuta mawe yote. Kuanzia kesho ni ndoo tu, na mwenye ndoo awepo. Mmeridhika?"

Yaani mwizi abaki, mlango ung'olewe. Wenye madumu wangekuwepo wao wenyewe kila alfajiri, wana nguvu na hawana wa kunyonyesha. Asiyeweza kuwepo ni mzazi. Nikamwambia sikuridhika, na ile nafasi ya kwanza sikuitaka, nikaaga.

Nilipita kwa jirani yangu. Alikuwa amekaa kitandani, kichanga kimefunikwa, na kwenye kona kulikuwa na ndoo ya maji ya mtoni yenye rangi ya chai ya maziwa.

"Unampa mtoto haya?"

"Namwogeshea. Ya kunywa nachemsha." Akashusha macho. "Acha tu, dada. Mimi nikisema, wataniambia habari za ng'ombe."

"Basi nitasema mimi. Sina hata mbuzi."

Akacheka kidogo, akishika tumbo.

Mume wangu anafanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Kimamba, huja mwisho wa juma. Nilipomweleza kwa simu alisema, "Si uchukue hiyo nafasi, mke wangu? Utaipigania dunia nzima?" Nikamwambia dunia nzima haichoti kwenye bomba letu. Akasema basi, nikiandika barua, niandike kwa mwandiko unaosomeka.

Ofisi ya kata walinishauri tukae tuyamalize kifamilia. Nikawauliza yule msukuma mkokoteni ni ndugu yetu upande gani. Nikarudi nyumbani, nikachana karatasi katikati ya daftari, nikaandika barua ya malalamiko. Nilipopita kuomba sahihi, wengi walikumbuka ghafla mboga ziko jikoni. Mmoja aliniambia nimesoma sekondari ndiyo maana nasumbua watu. Wachache walitia sahihi. Wa kwanza alikuwa mpika vitumbua, yule aliyesema uzazi umenipanda kichwani.

"Mimi nina mawe mawili ya uongo kwenye mstari ule," akasema, akipangusa unga mkononi. "Ukishinda nitayakosa. Lete kalamu."

Nikapanda basi kwenda Kilosa mjini, mtoto mgongoni. Pale masijala ya halmashauri kijana akaipokea barua bila kunitazama, akasema niende, nitapigiwa. Nikamwomba agonge mhuri na kwenye nakala yangu. Akasema si lazima. Nikasema nitasubiri mpaka iwe lazima, nikakaa kwenye benchi, nikamtoa mtoto mgongoni nikaanza kunyonyesha. Mhuri ukagongwa. Nakala ninayo, na hivi ndivyo inavyosema:

YAH: MALALAMIKO JUU YA FOLENI YA MAJI

Mimi ni mkazi wa Mikumi na mama wa watoto wawili. Namlalamikia mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa wetu kwa kuruhusu mikokoteni ya biashara ichote kabla ya nyumba za watu, na kwa kutaka kufuta jiwe la mzazi badala ya kuwazuia wanaolitumia kwa uongo. Pia alinipa nafasi ya kwanza kila siku ili ninyamaze. Nimeikataa, nanyi mjue kwamba ilitolewa.

Naomba mikokoteni ichote baada ya nyumba kumaliza. Naomba jiwe la mzazi libaki, ila anayeliweka ataje mbele ya foleni anamwekea nani, bila kuona haya, na sisi tulio kwenye foleni tuulize bila kuona haya. Awe mwenyeji au mgeni, mzazi ni mzazi. Anayesogeza ndoo ya mwenzake arudi mwisho wa mstari, hata akiwa mwenyekiti, hata nikiwa mimi.

Mtoto wangu anachapwa shuleni kwa kuchelewa. Sipingi sheria ya shule. Nataka na bomba liwe na yake.

Siombi ndoo yangu iwe ya kwanza. Naomba ikifika ya pili, ibaki ya pili.