Jeki Ilipolala Njia ya Namboboto

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja Malaba kumsaidia mke wangu baada ya kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Alipoona binti yake amepata nguvu, akasema anataka kurudi kwake Namboboto. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku na bodaboda zilikuwa zinaanguka kwenye matope, kwa hiyo mke wangu akaniomba nimpeleke kwa gari.

Mimi ni fundi. Nina gereji ndogo pale Malaba, na kazi yangu kubwa ni springi na shokapu za magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, yale yanayoteswa kwenye njia za mashambani. Gari langu mwenyewe ni la aina hiyo, kuukuu, lina viti viwili mbele na mabenchi nyuma. Mama alipanda nyuma, akakaa karibu na mlango, akatazama nje. Kwa Wasamia, kabila lake, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani, na kwetu Wateso ni vivyo hivyo. Muda wote aliokaa kwangu tulisalimiana yeye akiwa jikoni na mimi sebuleni, ukuta ukiwa katikati.

Tulipopita Matayos na kuiacha lami, nikaanza kusikia kitu. Ko. Mara moja tu, nilipotia gia. Nikanyamaza nisikilize. Bushi, ile mipira ya viungo vya springi, ikiisha hulia kila shimo, na shokapu iliyokufa huacha gari likidundadunda. Hii haikuwa hivyo. Ililia tena nilipokanyaga breki, mara moja, kwa uzito, kama kitu kikubwa kinasogea mbele na kurudi nyuma. Halafu nikaona nimeshika usukani umepinda ilhali barabara imenyooka.

Nikasimamisha gari, nikashuka kutazama matope tuliyotoka. Magurudumu ya nyuma hayakuwa yamefuata ya mbele. Yalikuwa yamechora mistari yake pembeni. Nikaenda kupima nafasi kati ya tairi na bodi. Upande wa kushoto ngumi yangu ilipita. Upande wa kulia hata vidole havikupita.

"Kuna nini, mkwe?" mama akauliza kutoka ndani, bila kugeuka.

"Bolti ya katikati ya springi imekatika, mama. Ekseli imesogea."

Bolti hiyo ni ndogo, lakini ndiyo inayofunga vyuma vya springi pamoja, na kichwa chake hukaa kwenye tundu la ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, ili isitembee. Mbele yetu kulikuwa na mteremko mkali unaoishia kwenye daraja jembamba. Kama ningefunga breki pale na ekseli iendelee kutembea, sikujua tungeishia wapi. Nikampigia fundi mwenzangu. Alikuwa Tororo na gari la mteja, asingefika kabla ya giza, na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa. Bolti mpya ilikuwemo kwenye kisanduku cha vyombo. Nikaamua kufanya kazi hapo hapo.

Mama akashuka, akaenda kusimama mbali kidogo kando ya shamba la mihogo, akanipa mgongo.

Nikaweka jeki moja chini ya chesisi, ile fremu ya gari, juu ya ubao, na nyingine chini ya ekseli. Nikatoa gurudumu na kulilaza chini ya chesisi, kwa sababu siingii chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Nikafungua nati za zile bolti kubwa zinazokumbatia springi, nikashusha ekseli kidogo, pengo likapatikana. Kichwa cha bolti iliyokatika kilikuwa kimekwama kwenye tundu. Nikalala chali, nikaingiza vidole vya mkono wa kushoto ili nikitoe.

Nilisikia ubao ukipasuka. Gari lilishuka polepole, kama mtu anayekaa kitini, na springi ikatua juu ya vidole vyangu.

Sikupiga kelele. Pumzi ilikataa. Nilijaribu kuvuta mkono, maumivu yakanipanda mpaka kwenye meno. Jeki ya chesisi ilikuwa nyuma ya gurudumu, sikuweza kuifikia wala kuiona.

"Mama," nikaita. "Mama, njoo."

Hakugeuka. "Niite watu?"

"Hakuna watu. Njoo wewe. Mkono umebanwa."

Nikaona miguu yake ikija, kwanza taratibu, halafu mbio. Ikasimama karibu na kichwa changu.

"Niambie nifanye nini."

"Ile jeki ya nje, imesimama au imelala?"

"Imelala. Imeinamia kwangu. Hii mbao imevunjika na chuma kimeingia kwa matope."

"Usiiguse. Ukipampu hivyo itaruka."

"Sasa?"

Nilifikiri, na kufikiri kulikuwa kugumu. Chesisi haikuweza kupandishwa. Kilichobaki kilikuwa kushusha ekseli iachane na springi. Lakini ekseli ikiondoka, uzito wote ungeirudia ile jeki iliyolala, nayo ingeteleza, na gari lingeshuka tena mpaka kwenye gurudumu nililolilaza. Springi ingeifuata ekseli chini na mkono wangu ungebaki palepale. Nikamweleza hivyo, kwa maneno yaliyokatikakatika.

Nikadhani hakuelewa. Kumbe alikuwa ameinama anatazama.

"Hapa juu ya tairi kuna nafasi," akasema. "Nikijaza mawe, gari litaenda wapi?"

Nikafunga macho. "Jaza, mama. Mawe bapa. Usiweke mkono juu yake."

Alikwenda akarudi, akaenda akarudi. Nilisikia mawe yakigongana, na yeye akihema. Vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi, na hilo liliniogopesha kuliko maumivu. Tone la kwanza la mvua likagonga bodi. Nilianza kufikiria tope likilainika chini ya ile jeki.

"Imejaa," akasema. "Hata kisu hakiingii."

"Sasa jeki ya ekseli. Ina skrubu ndogo chini. Unaizungusha kushoto, pole pole. Lakini lazima uingie huku ndani."

Nilijua anachokifikiria, kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiria. Nafasi ilikuwa ndogo. Kuifikia ile skrubu ilibidi alale matopeni kando yangu, bega kwa bega.

Akavua viatu. Akapiga magoti, akalala, akaingia. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kuliko ulivyowahi kuwa. Nikatazama juu, kwenye kutu ya chesisi. Nilimsikia akisema maneno machache ya sala kwa Kisamia.

"Kushoto ni huku?"

"Huko. Kidogo tu."

Jeki ikapumua. Gari likalia, mawe yakasagana, na chesisi ikatulia juu yake. Ekseli ikaendelea kushuka. Nikauvuta mkono, ukatoka.

"Toka kwanza, mama," nikamwambia. Hakutoka mpaka alipohakikisha nimeanza kujisogeza.

Huko nje alivua kitambaa chake cha kichwa, akaifunga mikono yangu yote miwili kabla sijamwambia ni mmoja tu. Kisha akaufungua ule mzima, akacheka kidogo. Kidole cha kati kilikuwa kimepinda pasipo kiungo.

Kazi ilikuwa bado. Tulisimamisha jeki upya juu ya jiwe pana, mimi nikaelekeza na yeye akafanya. Alikitoa kile kichwa cha bolti kilichokwama, akapanga vyuma vya springi, akaingiza bolti mpya, akakaza zile nati kubwa kwa kusimama juu ya mkono wa spana kwa miguu mitupu, mvua ikimnyeshea kichwani. Aliporudisha gurudumu, nilishuka mteremko kwa gia ya kwanza, mkono mmoja kwenye usukani, nikisubiri ile ko. Haikuja.

Nyumbani kwake alishuka kabla sijazima injini, akawaeleza wote waliokuwa uani, bila kuficha, kwamba amelala chini ya gari na mkwe wake. Shangazi mmoja akaziba mdomo. Baba mkwe alitazama mkono wangu, akapiga simu kumwita mwenye pikipiki anipeleke hospitali.

Daktari alisema mfupa umevunjika na kidole hakitakunjika vizuri tena. Ni kweli, hakikunjiki.

Kesho yake jioni, nikiwa nimefungwa plasta, simu ikalia. Alikuwa mama, na hakuwa amewahi kunipigia mimi. Siku zote alimpigia binti yake. Akauliza habari za vidole, nikamwambia. Akauliza kama nimekula. Asubuhi ile kijana wa gereji yangu alikuwa amelichukua gari kutoka kwake.

"Huyo kijana wako aliyekuja kuchukua gari," akasema, "ameangalia zile nati?"

"Ameangalia, mama."

"Amesema nini?"

"Amesema hazihitaji kukazwa."

"Sawa," akasema, akakata simu.