Amplifaya ya kijiji imenifungia ghalani

Ndugu zangu walimu, nawasihi, maneno haya yasivuke macho yenu. Dada yangu anayewaletea barua hii hajui kilichomo.

Nimefungiwa ndani ya ghala la mahindi. Wanadhani mimi ni jasusi.

Mnakumbuka kijiji kilinituma Biharamulo kuchagua amplifaya kwa fedha kidogo? Nilichagua ndogo yenye kazi mbili: unachomeka spika wakati wa mkutano, au hedifoni ukisikiliza peke yako. Nilijiona mwerevu.

Leo mchana nikaiunganisha na redio ya kijiji, nikaijaribu ofisini. Nikavaa hedifoni.

Nilisahau kwamba redio ya kijiji husikilizwa na wote, uwanjani. Tena wakati huu wa vita na Uganda!

Nilipoinua macho, mgambo walikuwa mlangoni pamoja na Mwenyekiti wa kijiji.

"Ndugu Karani, unaongea na nani huko Uganda?" Mwenyekiti akauliza.

"Nasikiliza taarifa ya habari tu."

"Mbona sisi hatusikii?"

Nikampa Mwenyekiti hedifoni asikie mwenyewe. Akaruka nyuma.

"Mimi? Nivae, halafu mseme tuko wawili!"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Kesho asubuhi napelekwa wilayani.

Tafadhali, leteni spika ya shule kabla ya taarifa ya jioni. Amplifaya ingali mezani. Chomekeni, kila mtu asikie nilichokuwa nasikia.

Ghala liko nyuma ya ofisi, lakini msije dirishani. Piteni mbele, waamkieni wazee, semeni kwa sauti. Atakayeninong'oneza atalala humu pamoja nami.