Aliyeuzuia Mswada wa Lumbesa ni Mimi

Msinitafutie sababu. Nimekosa, na nimekosa kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu. Watu wa kijijini kwetu wanailaani serikali kila siku kwa sababu ya ule mswada wa lumbesa. Serikali ina makosa yake mengi, lakini hili ni langu!

Mimi ni mtu wa masijala katika wizara moja hapa Mtumba, kwenye mji wa serikali. Kila faili linaloingia na kutoka linapita mikononi mwangu. Kazi hii nimeifanya tangu ofisi zikiwa bado Dar es Salaam, mvi zimeniotea humohumo.

Akaja mwanasheria mmoja, binti wa Kondoa, umri wa mwanangu wa kwanza. Wakampa ukuu wa kitengo. Shikamoo hana! Anapita dirishani kwangu, "Kaka, habari za kazi." Kaka! Siku moja akanirudishia barua mbele ya wageni. "Kaka, uwe unasoma kabla ya kupachika kwenye faili." Wageni wakacheka. Nikaapa moyoni kwamba huyu nitamwonyesha. Na msidhani nampenda hata leo.

Nafasi ikaja yenyewe. Serikali ilikuwa inapanga miswada ipi ipewe kipaumbele katika mkutano wa Bunge unaokuja, na mwisho wa kupokea mapendekezo ya wizara ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Binti alikuwa na mswada mmoja aliouhangaikia kwa muda mrefu. Ulitaka kila kijiji kiwe na mizani, na mnunuzi anayejaza lumbesa anyang'anywe leseni. Mnaijua lumbesa: gunia linajazwa mpaka linaota kichwa, linashonwa kwa kamba juu, halafu mkulima analipwa gunia moja.

Rasimu ilishatumwa kwa kompyuta. Lililobaki ni faili la maoni ya wananchi, la kupelekwa kwa mkono kwa wapangaji wa orodha; bila hilo mswada hauingii. Alinikabidhi Alhamisi.

"Kaka, tafadhali hili lisilale."

"Ondoa shaka, mkuu."

Nikalifungia kwenye droo. Wala sikulifungua! Jumatatu ndipo nilipoligonga muhuri, wa Jumatatu hiyohiyo, kana kwamba ndiyo kwanza amelileta, nikalituma. Orodha ilikuwa imeshafungwa. Akaandikiwa barua ya kumtaka ajieleze. Alisema alinipa Alhamisi, nikaitwa, nikasema mimi ninachojua ni muhuri. Nilipomwona anatoka kwa mkurugenzi macho mekundu, nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi! Jioni ile nilipitia Majengo nikala mishkaki.

Orodha ilisomwa redioni. Kesho yake baba yangu akapiga simu kutoka kijijini, upande wa Kongwa.

"Mwanangu, wewe uko hukohuko. Hebu tuulizie sheria yetu ya magunia, mbona hawajaitaja?"

"Sheria gani, baba?"

"Si ile tuliyotia dole gumba! Alikuja binti mmoja na wenzake. Mtoto ana adabu yule, kaniamkia kapiga goti kabisa. Nimemweleza yote wanayotufanyia. Na watu hapa nimewaambia wasiuze, wasubiri Bunge."

Jamani! Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya masijala. Ofisini shikamoo hana, kijijini anampigia baba yangu goti! Nilimchukia zaidi, na mimi mwenyewe nikajichukia kuliko yeye.

Watu walisubiri kwa sababu ya maneno ya baba. Mahindi yakaingiwa na dumuzi, mdudu anayegeuza punje kuwa unga. Wanunuzi waliporudi, walikuta watu wana shida na hawana ubishi, wakajaza vichwa virefu kuliko vya mwanzo. Baba ndiye akawa mbaya. Jirani yake wa miaka yote akaacha kumwita kwenye pombe.

Mnadhani nilisema? Sikusema.

Maandalizi ya mkutano mwingine wa Bunge yakafika, ikabidi maoni yakusanywe upya, yale ya kwanza yalihesabiwa yamepitwa na wakati. Mwandishi wa kumbukumbu akaugua, nikapakiwa kwenye gari mimi. Kijiji cha kwanza, kwetu!

Mbele ya ofisi ya kijiji, binti alipoanza tu kueleza, baba akasimama, akainua dole gumba lake.

"Hili ulilichukua. Ulilipeleka wapi?"

"Baba, nililipeleka ofisini. Nakuapia."

"Basi aliyelizuia nani?"

"Sina ushahidi, baba, siwezi kumtaja mtu."

Baba akanigeukia. "Mwanangu huyu hapa, yuko nao ofisi moja. Sema wewe, faili letu lilifika?"

Watu wote waliniangalia. Binti naye aliniangalia. Nikasema, "Sijui, baba. Mimi ni mtu wa makaratasi tu."

"Mnaona! Hata wa ofisini kwake halijui! Huyu binti ni mwongo!" baba akawaambia watu. Wakamzomea, wakaondoka mmoja mmoja mpaka tukabaki na viti. Nikaandika kwa mkono wangu huu: wananchi wamekataa kutoa maoni. Mswada ukakosa nafasi mara ya pili.

Kabla gari halijaondoka, baba alinishika mkono akanipeleka nyumbani kula ugali na mlenda. Nikawa naviringisha tonge lilelile mkononi. Akaniambia, "Kula, mwanangu. Angalau wewe hujanidanganya."

Ewe unayekalia faili la watu kwa sababu ya kinyongo chako, litoe leo! Huyo unayemkomoa ataandika barua ya kujieleza, kesho ataendelea na kazi. Atakayeumia yumo ndani ya faili, na anaweza kuwa ndiye aliyekusomesha kwa mahindi hayohayo.