Nailoni Isiyouawa

Huku kwetu Kasulu, kamba ya nailoni huuawa kwanza. Ndivyo alivyonifundisha mama mkwe. Unachana karatasi nzito ya nailoni vipande virefu, unashika kimoja huku na huku, unavuta. Mahali fulani kinasinyaa ghafla, kinakuwa chembamba, cheupe, halafu weupe huo unatembea wenyewe mpaka mwisho. Ukiachia, hakirudi. Basi kimekufa: kimekuwa kigumu, hakivutiki tena. Hapo ndipo unasokota.

Mume wangu alicheka. "Jamani, kuua plastiki! Imemkosea nani?" Ndoo ilikuwa imetumbukia kisimani, na bwana mkubwa hana subira. Akasokota kamba yake ya bluu haraka haraka, mbichi vile vile.

Alijifunga kiunoni akashuka, akikanyaga vishimo vya ukutani. Mimi juu nimeizungushia kamba kwenye gogo, naiachia kidogo kidogo. Mara kishimo kikameguka, akaning'inia. "Shika!"

Nilishika, na haki ya Mungu sikuachia. Lakini sauti yake iliendelea kwenda chini, polepole, bila kishindo. Nikaitazama kamba. Karibu na mdomo wa kisima ilikuwa imefanya shingo nyembamba, nyeupe, na weupe ule ukawa unatambaa kushuka gizani, unamfuata. Yebaba we! Ikikatika, nimebaki mjane, na mimi ndiye niliyeishika.

Haikukatika. Weupe ulipomfikia, kamba ikakakamaa, naye akasimama. Nikapiga yowe, mama mkwe akaja mbio, tukamvuta.

Alipotoka hakunishukuru.

"Mbona uliniachia?"

"Sikukuachia."

"Nilikuwa nashuka, mama watoto. Nilikuwa nashuka!"

Nilimwona haniamini, na iliniuma sana. Miaka yote ile ya ndoa, halafu ananitazama hivyo!

Mama mkwe alichana kipande cha nailoni ileile, akampa mwanawe. "Vuta."

Akavuta. Shingo ikatokea, weupe ukatembea kuelekea vidole vyake. Akakitupa chini.

"Kumbe ilikuwa hai," akasema kwa sauti ndogo.

Kisha akanishika mikono, akanifungua viganja. Kama kamba ingeteleza mikononi, ingenichuna ngozi yote. Palikuwa na mstari mmoja tu, mwekundu, umezama, katikati ya kila kiganja. Aliutazama muda mrefu, halafu akaanza kulia.