Sarafu ya Jogoo Niliyopewa Mbololo

Nilisafiri kwenda Voi kwa sababu ya sarafu moja. Wanaonijua hapa Mombasa wanajua kwamba tangu nilipostaafu ukarani sina shughuli nyingine ila kukusanya sarafu, na kwamba hakuna nilizozitamani kama zile tatu za dhahabu ambazo Kenya ilizitoa miaka michache baada ya uhuru, zenye sura ya rais wa kwanza. Ya shilingi mia ninayo. Ya mia tano ninayo pia, na mke wangu hajanisamehe jinsi nilivyoipata. Ya mia mbili na hamsini, yenye jogoo aliyeshika shoka, nilikuwa nikiiona katika katalogi tu. Basi binamu yangu Swaleh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Voi, aliponipigia simu kwamba mteja wake wa Mbololo amemtajia mama mjane mwenye sarafu ya jogoo, sikungoja wiki iishe.

Jumatano asubuhi nilipanda treni ile inayosimama vituo vya kaunti. Nilivaa suti ya kijivu na tai, na mkononi nilikuwa na mkoba wa ngozi, ndani yake lenzi, mizani ndogo na bahasha ya pesa. Baada ya Mariakani nchi ikaanza kukauka. Maungu niliona malori yamepangana kando ya barabara kuu na wanawake wakiuza ndizi madirishani mwa magari. Mbele kidogo ndovu watatu, wekundu kwa vumbi, walikuwa wamesimama mbali na reli. Abiria wenzangu walitoa simu wakapiga picha. Mimi nilikuwa nikisoma katalogi.

Voi nilimkuta Swaleh kituoni. Alinipeleka dukani, tukanywa chai juu ya mifuko ya saruji, akanieleza alichokijua. Marehemu mume wa yule mama aliitwa Mzee Mwakio. Alikuwa dereva wa kampuni moja ya bima huko Nairobi, na sarafu, kwa maelezo ya mjane, alipewa na bosi wake siku bosi huyo alipohama nchi.

"Mengine utayasikia hukohuko," Swaleh akasema.

Saa tano nilikuwa juu ya pikipiki, mkoba mapajani. Tuliacha lami, tukapita mashamba ya mahindi yaliyokufa kwa jua, kisha njia ikaanza kupanda na migomba ikaanza kuonekana. Dereva alinishusha kwenye nyumba ya mawe yenye mabati yaliyopakwa rangi ya kijani. Mama mmoja mwembamba, wa miaka sabini na kitu, alikuwa barazani akichambua maharagwe. Huyo ndiye Mama Wakesho, yule mjane.

Aliitazama suti, akautazama mkoba.

"Umetoka Nairobi?"

"Nimetoka mbali kidogo, mama. Nimekuja kwa ajili ya Mzee Mwakio."

Aliweka ungo chini polepole. "Watu wa ofisi," akasema. "Kumbe mmekuja."

Nataka msomaji ajue kwamba nilikuwa na nafasi ya kukana. Aliingia ndani kuleta kiti, akakipangusa kwa leso, akarudi ndani kutafuta kitambaa cha meza. Muda wote huo nilikuwa nimesimama na mdomo wangu. Niliwaza tu kwamba mtu wa ofisi ataonyeshwa sarafu upesi kuliko mnunuzi. Nikakaa.

Kisha akanieleza. Mzee alipofariki, miaka minne iliyopita, kampuni ilisema kwa simu itatuma mtu aje kusema neno mazishini. Watu walingoja. Jeneza lilikaa juani, pasta akaangalia saa mara mbili, mwishowe wakazika. Hakuja mtu.

"Ndio maneno yakaanza," alisema. "Ati labda alitoka huko vibaya. Ati dereva atapewaje dhahabu, lazima aliiba. Hawaniambii mimi usoni, lakini hapa ni kijiji, baba. Inafika."

Saa saba alinijia na jogoo mikononi, na kisu. Alikuwa ameniuliza jina langu, akaelewa. "Nimesikia nyinyi mnachinja wenyewe," akasema. "Na sufuria hii ni mpya, haijapikiwa chochote." Kweli ilikuwa bado na karatasi ya dukani ubavuni. Nilikwenda nyuma ya jiko, nikalitaja jina la Mungu, nikachinja.

Tulipomaliza kula, kuku pamoja na kimanga cha maharagwe na ndizi zilizopondwa pamoja, majirani walikuwa wamejaa barazani. Alikuwa amewaita. Mwalimu Righa, mstaafu wa shule ya msingi, ndiye aliyesimama na kusema mgeni wa ofisi sasa atatoa neno.

Nilisimama. Nilisema kampuni inaomba radhi kwa kuchelewa. Nilisema Mzee Mwakio alikuwa mtu mwaminifu, uendeshaji wake haukupata kulaumiwa, na ile sarafu alipewa kwa uaminifu wake. Maneno yalinijia kwa urahisi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka. Mama Wakesho alikuwa ameshika mikono yake pamoja, ameinamisha kichwa.

"Tumesikia kwa masikio yetu," alisema Mwalimu Righa, akawatazama wenzake mmoja mmoja.

Walipoondoka, mama alileta kopo la kakao. Ndani yake, katika kitambaa cheupe, ilikuwa ile sarafu. Jogoo alikuwa safi, kila unyoya unaonekana.

"Nimechoka kuificha," alisema. "Irudishe ofisini, muiweke mahali watu wanapita. Muandike na jina lake."

Sikuigusa bahasha ya pesa. Niliitia sarafu mfukoni, nikashukuru.

Alasiri nilirudi Voi. Swaleh aliigeuza mkononi, akapiga mluzi mdogo.

"Umempa kiasi gani?"

"Amenipa bure."

Nikamweleza ilivyokuwa, kwa kicheko kidogo mwanzoni, kisha bila kicheko. Swaleh alinisikiliza mpaka mwisho. Akairudisha sarafu mezani, mbele yangu, na hakuigusa tena.

"Amekupa wewe," aliuliza, "au amempa mtu wa ofisi?"

Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa tulikwenda msikitini pamoja. Nilisimama safuni na suti ileile, na sikumbuki nilisoma nini.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, nilikuwa njiani tena kwenda Mbololo. Nilikuwa nimejipangia la kusema: nitakiri, nitarudisha, nitaomba radhi, nitaondoka mwepesi. Nilimkuta akifua. Nilisema yote nikiwa nimesimama, nikaweka sarafu juu ya ukuta wa baraza.

Alikausha mikono. Hakupandisha sauti.

"Kwa hivyo wewe hujui kama alipewa au aliiba."

"Sijui, mama."

"Mimi najua." Alikaa. "Na jana, wao pia walijua. Leo unataka niwaambie nini?"

"Nitawaambia mimi. Nitapita nyumba kwa nyumba."

"Utawaambia, utapanda treni. Mimi nitabaki hapa na hao watu. Watasema hata huyo wa ofisi nilimnunua." Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza siku ile. "Wewe umekuja kujitua mzigo, umenitwika mimi. Jana nilikuwa sina uongo wowote ndani ya nyumba hii."

 

Wakati huo Mwalimu Righa alitokea njiani na mkungu wa ndizi begani. Alifurahi kunikuta. Alisema ndizi zile ni za watu wa ofisi, na salamu za wazee wa Mbololo, na waambiwe kwamba kuchelewa si kitu, mradi wamefika. Nilimtazama Mama Wakesho. Alikuwa amegeukia karai lake la nguo.

"Mjibu mwalimu," alisema bila kugeuka.

"Nitazifikisha," nikasema.

Nilirudi Mombasa mchana ule bila sarafu, na mkungu wa ndizi miguuni pangu. Sikuweza kuzila wala kuzitupa. Nilimpa mlinzi wa kituo.

Mwezi uliofuata nilikwenda Nairobi. Ile kampuni ilikuwa imebadilisha jina na jengo, na dada wa mapokezi hakuwa amezaliwa Mzee Mwakio alipokuwa dereva. Nilifikisha salamu za wazee wa Mbololo hapo kwenye kaunta, mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, naye akanitazama kama mtu aliyepotea njia. Nilirudi kesho yake, na mara mbili tena baadaye. Mwishowe ofisa mmoja alilipata faili katika stoo, akanichapia barua ya mistari minne: kwamba Mwakio alikuwa dereva wao mpaka alipostaafu, na kwamba tabia yake ilikuwa njema.

Nilimpigia simu Mama Wakesho nikamsomea. Aliniomba niisome tena.

"Na sarafu wameitaja?"

"Hapana, mama. Hawajaitaja."

 Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akipasua kuni.

Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba mtu akikosa, akakiri, basi deni limekwisha. Safari hii imenifundisha kwamba kuna kosa ambalo aliyekosewa ndiye anayelazimika kuishi nalo, na kukiri kwako hakumpunguzii kitu. Nimeyaandika haya yote bila kutaja jina lake la kweli wala la mumewe, na bado sina hakika kama ninayaandika kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

"Nitakuletea barua wiki hii," nikamwambia.

"Mpe binamu yako ailete," alisema. "Wewe usije."

Nilimpa Swaleh.